Panga ni kitu gani? Kumbukumbu ya mradi wa katalogi ya makumbusho

Wiki ya kwanza

Nimeanza na kadi. Makumbusho ninayoyasaidia kupanga maktaba yao ya kidijitali yana daftari la usajili, makabati ya kadi na folda kubwa ya picha. Nimechomoa kadi 60 bila kuchagua, nikaziingiza kwenye lahajedwali kama zilivyo, makosa na yote. Ningeweza kuanza na kuchagua programu, lakini nilitaka kwanza kuona vitu vyenyewe vinauliza nini.

Jibu limekuja kwenye safu ya tarehe. Kadi moja imeweka mwaka kitu kilipotengenezwa, nyingine mwaka kilipopokelewa, ya tatu siku kilipopigwa picha. Zote zimeandikwa "Tarehe" tu.

Wiki ya pili

Nimekijaribu Dublin Core, kiwango cha taarifa za kueleza vitu kwenye katalogi za kidijitali. Jina lake linatokana na Dublin ya Ohio, Marekani, ulikofanyika mkutano wa kwanza mwaka 1995. Kina vipengele 15 vya msingi, hakuna hata kimoja cha lazima, na kila kimoja kinaweza kurudiwa. Nakipenda kwa wepesi wake. Kisha nikachukua kikapu kimoja nikajaribu kukijazia.

Muundaji: msusi wa kikapu au mpiga picha? Umbizo: ukindu au TIFF, aina ya faili la picha? Haki: za kikapu au za picha? Kila nilipojibu, nilikuwa nimesema uongo kuhusu kimojawapo.

Dawa yake imo humohumo katika mapokeo ya Dublin Core: rekodi moja kwa kitu kimoja. Kwa hiyo tumekata shauri. Kikapu kitakuwa na rekodi yake, picha ya kikapu itakuwa na yake, na zitaunganishwa kwa nambari ya usajili. Rekodi ya picha itafuata Dublin Core. Rekodi ya kitu itafuata mwongozo wa CCO, uliotungwa mahsusi kwa kazi za sanaa na vitu vya utamaduni. Kutoka Object ID, kiwango kilichozinduliwa 1997 ili kusaidia kutambua vitu vilivyoibwa, nimeazima safu moja ambayo naamini kila makumbusho yanaihitaji: alama za kukitambulisha. Ufa, kiraka, mpini uliobadilishwa. Mitungi miwili inaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa ufa.

LIDO na CIDOC CRM, viwango vya kubadilishana data za makumbusho, nimeviweka kando kwa sasa. Tutavihitaji siku ya kubadilishana rekodi na wengine.

Wiki ya tatu na ya nne

Majina ya vitu yamekula wiki mbili, na sijutii hata siku moja.

Nilitafuta "vikapu" kwenye lahajedwali, nikapata vitatu. Nilipotafuta "kikapu" nikapata vingine kumi na kimoja. Mifumo mingi ya kutafuta hushughulikia wingi kwa kukata mwisho wa neno, na kwa lugha zinazobadilisha mwisho hilo hutosha. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Kikapu kinakaa K, vikapu V. Jiwe la kusagia liko J na mawe ya kusagia yako M. Ukipanga orodha kwa alfabeti, ndugu wa tumbo moja wanalala nyumba mbalimbali.

Halafu likaja panga. Kadi nne zimeandikwa "panga". Nilidhani ni kitu kimoja, mpaka mama anayetunza stoo aliponionyesha: "Mwanangu, huu ni upanga, na hizi mbili pia, zote tatu pamoja ni panga. Lile la nne ni panga la kufyekea, na wenzake ni mapanga. Usiyachanganye." Neno lilelile ni wingi wa silaha ya vita na umoja wa zana ya shamba. Kompyuta haiwezi kulijua hilo kwa kuangalia herufi.

Hapo nimeacha kuamini maneno peke yake. Kila istilahi sasa ina nambari yake. Jina teule, yaani lile linalotangulizwa, ni la umoja, kwa kuwa kadi hueleza kitu kimoja. Wingi unaingia kama jina mbadala. AAT, hazina ya istilahi za sanaa na usanifu majengo inayotunzwa na Getty, hutanguliza wingi kwa vitu vinavyohesabika. Tumeenda kinyume nayo hapo, na sababu nimeiandika kwenye mwongozo wetu ili atakayekuja asidhani tulisahau. Nambari za AAT tunaziambatisha panapolingana. Pasipolingana, tunaunganisha na neno pana zaidi badala ya kulazimisha.

Muundo wenyewe wa orodha ya istilahi ni wa SKOS, kiwango cha 2009 cha W3C, shirika la viwango vya wavuti. Kina nafasi ya jina teule, majina mbadala, na hata majina yaliyofichwa: tahajia zenye makosa ambazo msomaji hazioni lakini utafutaji unazifahamu. "Kikapo" ya kadi ya zamani imepata mahali pa kukaa.

Wiki ya tano

Tarehe sasa zina safu mbili: maneno ya kadi yasiyoguswa, na umbo la kompyuta la EDTF, mtindo wa kuandika hata tarehe zisizo na uhakika, lililoingizwa katika kiwango cha kimataifa cha tarehe, ISO 8601-2, mwaka 2019. "Karibu 1890" ni 1890~. "Miaka ya 1930" ni 193X. "Kati ya 1880 na 1900" nimeiandika [1880..1900], kwa sababu mkwaju, 1880/1900, ungesema kazi iliendelea miaka ishirini mfululizo.

Wiki ya sita

Jaribio. Wasaidizi wawili, kadi kumi zilezile, kila mmoja peke yake. Majina yalilingana karibu yote, tarehe pia. Vipimo vikatuangusha. Kwa kigoda kilekile mmoja aliandika urefu 31, mwingine urefu 44, na wote wawili walikuwa sahihi: mmoja alipima kutoka sakafuni kwenda juu, mwingine kutoka ncha hadi ncha ya kikalio.

Safu ya "urefu" nimeigawa. Kwenda juu ni kimo, ncha hadi ncha ni urefu, halafu upana, kina na kipenyo, kila kimoja na mchoro mdogo kwenye mwongozo. Kipimo ni sentimita, na safu inapokea tarakimu tu.

Wiki ijayo kadi zilezile kumi zinaenda kwa msaidizi wa tatu, ambaye hajawahi kuuona mradi huu. Atapewa mwongozo tu. Mimi sitakuwepo chumbani.