Kigari, pantoni na mama mkwe: safari yetu ya Kigamboni

Jumapili iliyopita tumeenda Fun City, ile sehemu ya michezo ya watoto kule Kigamboni, familia nzima, na ugomvi wenyewe ulianza tangu Alhamisi. Si ugomvi wa hela maana huo upo kila siku, ni ugomvi wa kigari cha mtoto, kiende kisiende.

Nina watoto wawili. Junia ana miaka mitano na miezi minne, na mdogo wake wa kike tunamwita Dogo, anakaribia minne. Kigari tulinunua mtumba Kariakoo Junia akiwa na miezi sita, kilikuwa cha bluu sasa hivi hata sijui niite rangi gani, kinakunjika kwa kukanyaga kidude fulani nyuma ambacho mpaka leo baba Junia peke yake ndo anakijulia. Mama mkwe yuko kwetu Kimara wiki ya tatu sasa, katoka Muheza. Alhamisi akanikuta nakifuta vumbi uani akauliza hicho cha nani, nikamwambia cha Dogo mama, cha Jumapili. Akacheka kile kicheko cha puani.

"Mtoto anakimbiza kuku humu ndani kutwa nzima, Jumapili ndo miguu inamwisha?"

Mi nikajitetea na Sabasaba. Mwaka juzi tulienda maonyesho pale Kilwa Road, Junia alikuwa na miaka mitatu na kidogo, kigari tukakiacha nyumbani kwa sababu hizo hizo, mtoto mkubwa huyu, watu watatuonaje. Asubuhi alitembea vizuri tu, banda hili banda lile, saa nane mchana akakaa chini katikati ya watu akasema sitembei tena, na kweli hakutembea. Baba Junia akampakia mabegani mpaka getini, mi nina Dogo mgongoni kwenye kanga, mkono mmoja mifuko mwingine nashika shati la mume wangu nisipotee. Siku mbili baba Junia akiitwa anageuka mwili mzima maana shingo haizunguki. Nikamwambia mama, hiyo ndo bei ya kuona aibu.

"Sisi tuliwabeba mgongoni na tulikuwa tunaenda shamba, sio kucheza."

Hapo nikafanya kosa la kuleta kitaalamu. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walitoa mwongozo wa watoto chini ya miaka mitano, kwamba mtoto asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja kwa mpigo, iwe kwenye kigari au, mama samahani, mgongoni kwa mtu, na mtoto wa miaka mitatu minne anatakiwa acheze acheze dakika 180 kwa siku. Nilidhani namshinda kumbe nimejifunga mwenyewe, akanijibu palepale: basi kama hatakiwi kufungwa, hicho kigari cha nini? Nikanyamaza. Baba Junia akatoka nje kwenda kuangalia kitu ambacho hakipo.

Usiku nikamtumia sauti dada yangu, yeye yuko Florida miaka mingi na wanae anawapeleka Disney mpaka wamechoka wenyewe. Akacheka sana. Anasema kule mtoto wa miaka mitano, sita, kumuona kwenye kigari wala hakuna anayegeuka kuangalia, watu wanatembea toka asubuhi mpaka fataki za usiku na viwanja vya michezo viko vinne, na vigari vya kukodi palepale vinachukua mpaka kama kilo 22, hiyo si kilo za mtoto mchanga. Ila na masharti yapo. Tangu Mei 2019 kigari kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na vile vitoroli vya kuvuta vikapigwa marufuku kabisa. Na kwenye foleni ya michezo kwa kawaida huingii nacho, unakiegesha nje na mtoto anasimama kwa miguu yake kama wengine, ukirudi unakuta wafanyakazi wameshavipanga upya unaanza kutafuta cha kwako katikati ya vigari mia. Akanishauri nifunge kitambaa chekundu kwenye mshikio. Dada nae, Kigamboni nani ana cha kufanana na changu.

Kuna kitu alisema kikanikaa. Kule kupanda mashine kuna kipimo cha urefu, ile Space Mountain usipofika sentimita 112 hupandi hata ulie, ila kipimo cha kushuka kwenye kigari hamna, kila mzazi anajipimia mwenyewe.

Nikaamua nijipimie kweli. Kigari chetu chini kina kibandiko kimeandikwa kilo 15. Nikatoa kadi za kliniki: Dogo mara ya mwisho 14 na pointi sita, Junia yake inasoma 18. Kwa hiyo kwa kibandiko Junia alishahitimu zamani na Dogo kabakiza chapati mbili. Baba Junia akasema si umeona, kinatosha, tunaenda nacho, ikiwa balaa kitabeba mizigo. Mama hakusema kitu, akakunja kanga yake mpya akaiweka kwenye mkoba, yaani ujumbe umefika.

Jumapili saa moja na nusu tuko kituoni. Sa hapa niseme ukweli, kwa mwenye kigari mwendokasi ni raha kuliko daladala yoyote, sakafu ya kituo na ya basi zinalingana, unasukuma tu unaingia, huombi mtu akushikie mguu wa mbele. Na asubuhi ya Jumapili kuna nafasi. Dogo akakaa kwenye kigari chake kama malkia mpaka Ubungo, Shekilango akaanza kujinyonganyonga, Manzese akasema anataka kusimama kama kaka. Nikamwambia kaa tufike. Akasema mama sioni.

Nikainama kwa kichwa chake nikaangalia anachokiona. Makalio. Makalio ya watu, mifuko ya watu na goti la baba yake. Kaka yake kasimama dirishani anaona magari, anahesabu pikipiki kwa sauti, yeye anaangalia zipu ya suruali ya mzee mmoja. Miaka yote nimeisukuma ile kitu sijawahi kuinama. Nikamfungua mkanda, na hiyo ndo ilikuwa mara ya mwisho kukaa humo mpaka jioni.

Kivukoni tukashuka, harufu ya samaki wa feri ikatupokea, tukalipa nauli ya pantoni, mtu mzima 200. Kama hujawahi kuvuka na watoto: mnasubiri wote pamoja, geti likifunguliwa watu wanatoka kama wameitwa na jina, na kabla ya pantoni kuna mteremko, maji yakiwa yametoka mteremko unakuwa mkali zaidi. Mpango wetu ulikuwa baba Junia akunje kigari abebe kwapani, mi nishike watoto huku na huku. Kidude kikagoma. Kakanyaga, kakanyaga, watu wanatupita, mwanaume anatoka jasho saa tatu asubuhi. Mama akaona tunamchelewesha, akamwondoa mwanae pale, akashika ule mshikio kwa mikono miwili akaanza kuteremka nacho taratibu kikiwa kitupu, anarudi rudi nyuma kwa uzito kama anayemzuia mbuzi asikimbie.

Kwenye pantoni nikamwonyesha breki ya mguu, hii mama kanyaga hapa kisije kuondoka. Akakanyaga. Akabaki kaegemea. Dakika zile za kuvuka watoto wameng'ang'ania wavu wanaangalia meli bandarini, Junia anauliza kama ile meli inaenda Disney (alisikia sauti za mamake mkubwa, hana siri huyu), na mama kaegemea kigari kama mtu yuko barazani kwake.

Upande wa pili bajaji. Watu wazima watatu, watoto wawili na kigari nyuma kimefungwa na mpira, sitaki kuongelea zaidi.

Ndani ya Fun City sina mengi, wenye watoto mnajua, wakishaona maji hawana mama tena. Slaidi, bembea, maji, rudi slaidi. Dogo aliyesemwa hana miguu alikimbia toka saa nne mpaka saa nane bila kukaa, kwenye foleni anaruka ruka, akishuka anazunguka tena, zile dakika 180 za wataalam alizimaliza kabla ya chakula. Kigari kikawa kabati: taulo, nguo za kubadili, viatu, mafuta, na mifuko miwili mizito nimeitundika kwenye mshikio.

Hapo ndo nikapata ajali yangu. Dogo alikuja mara moja kunywa maji akapanda kukaa, akanywa, halafu akaruka chini ghafla. Uzito wa mbele ukaondoka, mifuko ikavuta nyuma, kigari chote kikaenda chali paa, chupa ya chai ya mama ikapasuka ndani na taulo zote mbili zikanywa chai ya tangawizi. Kosa langu mwenyewe, mifuko inawekwa chini kwenye kile kikapu, haitundikwi juu, na bahati alikuwa ameshatoka, angekuwemo angepiga kisogo. Kama bado mnatumia kigari na mnatundika mizigo juu, acheni tu.

Mama akanisaidia kukiinua, akapanga mizigo upya chini, akasema nipe nikishike mimi. Na kuanzia pale hakukiachia. Tukienda upande wa bembea anasukuma, tukienda chooni anasukuma, tukitafuta kivuli ndo yuko mbele kabisa. Mi nikawa nawaza anataka kunionyesha sijui kupanga.

Saa kumi ndo mambo yakageuka, na sio kwa niliyemtarajia. Junia, mkubwa, aliyehitimu, mwenye kilo 18, kakaa kwenye ukingo wa njia viatu mkononi, macho mekundu ya maji ya bwawa, anasema miguu inauma. Dogo yeye anataka kurudi slaidi. Baba Junia akaniangalia, nikamwangalia, shingo yake naijua. Tukamweka Junia kwenye kigari. Magoti yalikuwa karibu na kidevu, miguu inakokota chini, watoto wa rika lake wanapita wanamwangalia nae kaona akafumba macho. Hakwenda mbali. Kabla ya geti tairi la mbele kulia likalala upande likakataa kuzunguka. Kibandiko kilisema 15 na hakikuwa kinatania. Akashuka mwenyewe, kimya, akamshika baba yake mkono akatembea mpaka kwenye bajaji, na mle ndani hata barabara hajaiona, kalala. Nikagundua kwa huyu sio miguu tena, ni usingizi, tungeondoka saa tisa asingehitaji kitu chochote cha kumbeba.

Pantoni ya jioni imejaa. Baba Junia kambeba Junia kifuani, Dogo nae sasa betri imeisha, nikageuka kwa mama niombe ile kanga mpya. Akanipa bila neno, nikamfunga Dogo mgongoni kama zamani, na kabla hatujafika katikati ya maji nasikia anapumulia shingoni kwangu. Mama yeye yuko na kigari kibovu, kakanyaga breki, kaegemea.

Kwenye mwendokasi nikapata kiti nikakaa na Dogo mgongoni nusu nusu, nikamwambia baba Junia nimeshaamua, hiki kitu basi. Junia tumempita, Dogo nae siku nzima katumia toka Kimara mpaka Manzese tu, safari nyingine tunatoka na kanga na tunarudi saa tisa. Kesho nakiuza au nampa mtu, kwanza tairi limekufa. Baba Junia akakubali haraka, yeye alishakichukia tangu kidude kigome.

Mama alikuwa kiti cha pembeni, kigari kiko mbele yake kimefunguliwa, mkono uko juu ya mshikio. Akasema msikiuze.

Nikamwambia lakini mama wewe ndo ulisema.

"Nilisema watoto. Mama Junia, mimi goti hili lina mwaka wa tano, nikitembea toka kwako mpaka dukani nakaa mara mbili. Leo nimezunguka kutwa sijakaa, nimeshikilia hiki."

Hapo ndo nikaanza kurudisha picha, mteremko wa feri, breki, njia ya kwenda chooni, yuko mbele yetu wote. Wiki tatu yuko kwangu na sikujua goti linamuuma kiasi hicho, tukienda sokoni anasema nendeni tu mimi naangalia nyumba. Baba Junia alikuwa anaangalia dirishani, Magomeni hiyo, hajasema kitu mpaka Urafiki, kisha akauliza mama goti lipi, la kulia?

Jana baba Junia kakipeleka kwa fundi baiskeli. Kaweka tairi lingine, halifanani na wenzake, kidogo kubwa, kwa hiyo sasa kinavuta kushoto. Nimemwambia mama tutakutafutia fimbo au kile cha chuma cha hospitali cha kushikilia, hataki, anasema kile ni cha wagonjwa. Asubuhi hii kaenda nacho dukani peke yake, karudi na unga kilo tano kwenye kiti kaufunga mkanda, na Dogo anamfuata nyuma analia anataka kupanda, na bibi yake anamwambia ulishakua wewe, tembea.