Taishokoto si kinanda

Taishokoto, ala ya nyuzi yenye vitufe tunayoipiga kwenye taarabu, ikipigwa jukwaani, baada ya onyesho kuna mtu atasogea kuuliza, na swali lake huja na jibu ndani: hicho kinanda chenu ni cha aina gani? Mwingine ataiita gitaa la kulaza. Wapo wanaosema ganuni, wanaosema akodiani, na vijana ambao hawakuwahi kuona mashine ya taipu ila kwenye picha huiita taipureta, na hao ndio walio karibu zaidi na ukweli. Nimekuwa nikiyafikiria majibu haya kwa muda mrefu, na usiku huu nataka kuyaandika, kwa sababu naamini hayatokani na ujinga wa msikilizaji. Kila jina analotupa lina sababu yake, na ukiijua sababu unajua pia namna ya kumsaidia.

Kwanza chombo chenyewe. Ni sanduku refu la mbao, jembamba, wazi ndani, la kuweka mezani au mapajani. Nyuzi za chuma zimelazwa kwa urefu wake, na chini ya nyuzi kuna vijiti vya chuma vilivyopangwa kama vile vya shingo ya gitaa. Juu ya nyuzi umepita mstari wa vitufe vya mviringo, ishirini na kitu hivi, vyenye namba. Ukibonyeza kitufe, kipande cha chuma kilicho chini yake kinashuka na kuubana uzi juu ya kijiti chake. Ukiachia, springi ndogo inakirudisha juu. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza. Wa kulia umeshika risha, kile kipande chembamba cha kupigia, na unapiga nyuzi upande wa pili wa sanduku, pale ambapo hakuna vitufe. Mkono mmoja pekee hautoi wimbo. Hapo ndipo penye siri ya chombo hiki, na hapo ndipo macho ya watu yanapodanganyika.

Ilibuniwa Japani, mjini Nagoya, mwaka 1912, na Morita Gorō, aliyechukua wazo la vitufe vya mashine ya taipu akalifunga kwenye ala ya nyuzi. Jina limetokana na enzi ya Taishō, iliyoanza mwaka huohuo. Kutoka Japani ilisafiri na biashara. Wachina wanayo, kisiwa cha Bali wanayo, India inaitwa bulbul tarang au banjo, Baluchistan wameikuza wakaiita benju. Pwani ya Kenya ikapokelewa na wanataarabu wa Mombasa, ikakaa pazuri kati ya tabla, ngoma za Kihindi, na harimuni, kinanda cha kuvuta hewa, kwa kuwa taarabu ya Mombasa ilikuwa imeshaupenda mno mtindo wa nyimbo za filamu za Kihindi. Anayetaka kuisikia ikiwa katika ubora wake atafute rekodi za mwimbaji Zuhura Swaleh na kundi la Maulidi Musical Party: ule mlio mkali, wa haraka, unaojibizana na mwimbaji juu ya ngoma za chakacha, ndiyo taishokoto.

Sasa kosa. Mtu aliyekaa ukumbini huwa chini kuliko jukwaa. Taishokoto imelala juu ya meza. Hazioni nyuzi hata kidogo. Anaona ubavu wa sanduku, mkono wa kushoto unaocheza juu ya vitufe, na mkono wa kulia uliofichwa na maikrofoni au na mwili wa mpigaji. Macho yanasema kinanda. Masikio yanasema waya. Kwa mtu ambaye hana jina la tatu, macho hushinda. Ndiyo maana yule aliyekaa nyuma kabisa, au anayesikiliza akiwa nje ya ukumbi, hasemi kinanda. Yeye husema gitaa au mandolini, maana kwake sauti ndiyo shahidi pekee. Makosa mawili tofauti, na kila moja linakuonyesha aliyesema alikuwa amekaa wapi.

Kwenye harusi mambo ni mengine. Mwanamke anayeinuka kwenda kutuza hupita mbele ya wapigaji, akasimama, akacheza kidogo, noti mkononi. Huyo anaiona taishokoto kwa juu, nyuzi na risha na vyote. Wasikilizaji wanaoijua vizuri kabisa pwani ni hao watuzaji, na sidhani kama kuna maelezo ya jukwaani yanayoweza kushinda zile hatua chache za kusogea karibu.

Asiyeweza kusogea bado ana masikio, na masikio yanatosha akijua cha kutafuta. Sikiliza mwisho wa sauti: kinanda cha umeme na akodiani hushikilia sauti kwa kadiri mpigaji atakavyo, lakini uzi uliopigwa huanza kufa papo hapo. Ndiyo sababu mpigaji wa taishokoto, akitaka sauti ndefu, hutetemesha risha juu na chini kwa kasi, na ile mitetemo unaihesabu karibu mmojammoja. Kisha sikiliza njia kati ya sauti na sauti. Mpigaji wa udi huteleza kidole, kwa kuwa shingo ya udi haina vijiti, na sauti hupanda kama mtu anayepanda kilima. Taishokoto haiwezi kuteleza hivyo; inapanda ngazi, kila hatua imekatwa. Mandolini ndiyo inayokaribia zaidi, nyuzi zake nazo hulia zaidi ya mmoja kwa sauti moja. Tofauti ni kwamba kwenye taishokoto tulivu, karibu na mwanzo wa kila sauti, kuna kidoko kikavu cha kitufe kikigonga. Ukishakisikia mara moja hutakikosa tena.

Ganuni ni kosa ambalo nalielewa lakini sikubaliani nalo. Zote mbili hulazwa, zote mbili ni za taarabu. Lakini ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatutatu kwa kila sauti, na hupigwa kwa mikono yote miwili yenye risha zilizovishwa kwenye vidole vya shahada kwa pete. Ina pia vibao vidogo vya chuma pembeni vya kubadilisha urefu wa uzi katikati ya wimbo, na hivyo hupata zile robo sauti, nusu ya nusu sauti, ambazo maqam (mitindo ya ngazi za sauti ya Kiarabu) kama Rast au Bayati huzidai. Taishokoto haina. Vijiti vyake vimepigiliwa kwa hatua sawa za nusu sauti, na hapo huwezi kubishana navyo. Kundi likipiga wimbo wa Rast, fidla na udi wakaishusha sauti ya tatu kidogo kama inavyotakiwa, taishokoto ikiipiga ya kwake itakwaruza. Mpigaji mzuri huiruka sauti hiyo, au hunyamaza akaja kujibu mwishoni mwa mstari. Kuiita ganuni ni kuitaka ifanye kazi ambayo haikuumbiwa.

Na jina likikosewa, madhara hayaishii kwenye jina. Fundi mitambo wa sauti akiandikiwa kwenye karatasi kwamba kuna kinanda, atakuandalia waya wa jeki na hatakuwekea maikrofoni yoyote. Unafika, sanduku ni la mbao tupu, halina pa kuchomeka. Inatafutwa maikrofoni ya haraka, inasimamishwa katikati ya chombo, juu ya vitufe, kwa kuwa ndiko mikono inakoonekana. Matokeo yake ukumbi mzima unasikia takataka za vitufe, na nyuzi zinasikika kwa mbali. Maikrofoni mahali pake ni upande wa risha, sentimita kumi na tano hadi ishirini juu ya nyuzi, imeinamishwa ili iupe mgongo mstari wa vitufe. Ukibandika kinasa kidogo cha mitetemo (pickup) kwenye mbao, kitasikia mbao, na mbao ndizo zinazobeba ile kelele ya vitufe. Kinasa cha sumaku kikiwekwa chini ya nyuzi kinasikia chuma peke yake, na hiki ndicho wapigaji wengi wa harusi hukipendelea. Kasoro yake ni kwamba ukikipitisha kwenye spika ya gitaa, taishokoto inaanza kulia kama gitaa la umeme. Ukiponya kelele unazaa kosa jingine la jina, na katika hayo mawili mimi nachagua hilo la pili bila kusita.

Sanduku likiwa wazi ndani na spika ya jukwaani ikielekezwa kwake, litaanza kuvuma. Jaza ndani kitambaa au sponji, si kwa kulishindilia, nusu tu ya nafasi, na geuza spika ielekee mpigaji kwa ubavu.

Kuna kosa la sikio ambalo tunalisababisha wenyewe kwa kutotayarisha chombo. Taishokoto isiyotyuniwa vizuri husikika kama kitu cha kuchezea watoto, na aliyeisikia hivyo mara ya kwanza ataiita kitu cha kuchezea siku zote. Nyuzi nyembamba zote hutyuniwa sauti moja, sol kwa kawaida ikiwa do ni C, na uzi mnene uliozungushiwa waya huwekwa oktavu moja chini. Anza na uzi mmoja mwembamba, utyuni kwa kinanda cha kundi au kwa kipimio cha simu, kisha nyingine zote zifuate huo kwa sikio: piga mbili pamoja, na usikilize wimbi linalopanda na kushuka. Wimbi likipungua kasi unakaribia, likitulia umefika. Usityuni kila uzi kwa kipimio peke yake, maana tofauti ndogo ambayo kipimio kinaisamehe, nyuzi mbili zinazolia pamoja haziisamehe. Halafu bonyeza kitufe cha katikati urudie, kwa kuwa nyuzi zinaweza kupatana zikiwa tupu na zikakosana zikibanwa, hasa uzi mmoja ukiwa mkuukuu na mwingine mpya. Badilisha zote kwa pamoja, na siku moja kabla, ili zimalize kujivuta.

Hewa ya pwani ni adui mkubwa. Chumvi hula springi kabla ya kula nyuzi. Kitufe kilichokwama chini hufanya jambo ambalo wasiojua hulidhania ni uzi mbovu: sauti zote zilizo chini ya kitufe hicho hupotea, za juu yake hubaki salama. Sababu ni rahisi, uzi umeshabanwa pale, na chochote utakachobonyeza upande wa mbali na risha hakina kazi tena. Kwa hiyo usihangaike na nyuzi. Tafuta sauti ya chini kabisa inayotoka, na kitufe kibovu ni hichohicho. Kitufe kinachoshuka lakini hakifiki chini hutoa mlio wa nzi. Hapo kwanza futa kutu chini ya kitufe kwa kitambaa kikavu, kisha tazama kama kipande cha chuma kimepinda. Mafuta yasiguse nyuzi.

Kosa la mkono ni moja linalozidi yote: risha kutangulia kitufe. Kitufe kiwe kimeshuka kabla ya risha kugusa, kwa muda mdogo kabisa, la sivyo uzi mtupu hulia kwanza na sauti inayotakiwa huja juu yake. Msikilizaji husikia kigugumizi na kudhani chombo ndicho kilivyo.

Kwa upande wa kuonekana, haihitaji mengi. Weka kipande cha mbao chini ya miguu ya nyuma ya meza, ili uso wa taishokoto uinamie watu kidogo; ukizidisha, risha inapoteza pembe yake na mkono wa kushoto unachoka. Taa moja itoke ubavuni, si kwa mbele, nyuzi zing'ae. Wimbo wa kwanza uanze kwa mkono wa kulia peke yake kwenye nyuzi tupu, mipigo kadhaa, mkono wa kushoto ukiwa umeinuliwa hewani, kisha ndipo vitufe vianze. Aliyeona hivyo hawezi tena kusema kinanda, na hakuna aliyemhutubia.

Mshereheshaji naye aandikiwe, kwenye karatasi ileile ya orodha ya nyimbo: tai-sho-ko-to. Na sentensi moja: mkono wa kushoto unachagua sauti, wa kulia unazipiga. Historia ya Nagoya ibaki ya mazungumzo baadaye, kwa anayeitaka. Katika video za mtandaoni, picha ya kwanza ionyeshe chombo kutoka juu, na jina la mpigaji liandikwe pamoja na jina la chombo. Rekodi nyingi za taarabu zilipita mikononi mwa watu bila hata kimoja kati ya hivyo viwili, na hilo linaniuma kuliko swali lolote la baada ya onyesho.

Anayesema kinanda mwonyeshe nyuzi, mpe risha apige mwenyewe huku wewe ukibonyeza. Nusu dakika inatosha. Mgeni kutoka India au Pakistani akiiita banjo, usimsahihishe. Kwao ndiyo banjo, ingawa ile ya Marekani yenye ngozi ni chombo kingine kabisa, na huenda anajua kuipiga kukuzidi. Mwachie kiti. Yake ya nyumbani huenda ina nyuzi za ziada za kuvuma chini ya wimbo, kwa hiyo mwambie kabla hajaanza kwamba hii yenu haina, asije akazitafuta.