Tangu siku ile ya pilau

Ni saa tano na nusu usiku. Nasubiri saa sita ifike nimwamshe mwanangu Kitinda anywe dawa, na kwa vile nikijilaza nitapitiwa, nimekaa hapa kwenye cherehani na simu mkononi. Nianze na la muhimu msije mkaingiwa na hofu: mguu unaendelea vizuri. Uvimbe umeshuka, homa hana tangu Ijumaa usiku, na leo amekula wali sahani mbili.

Kilichonikaa rohoni ni kingine. Ni neno moja nililolitamka Alhamisi asubuhi mezani kwa nesi. Tangu siku hiyo nikiosha vyombo nalisikia, nikishona nalisikia, nikisali ndiyo kabisa.

Nesi alikuwa ameshamvua soksi. Akaweka mgongo wa mkono juu ya kisigino, akaupandisha polepole mpaka chini ya goti, kisha akavuta daftari letu na kuuliza bila kuniangalia:

"Mama, mguu huu una siku ngapi?"

"Siku mbili, dada."

Akaandika. Na mwanangu, ambaye njia nzima kwenye bajaji hakusema kitu kwa maumivu, akainua kichwa kutoka begani kwangu.

"Mama, si tangu Jumapili? Siku ile ya pilau kwa Bibi."

Kalamu ikasimama. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja wa kanga ya kijani amepakata kichanga, nikamwona anainamisha uso na kumweka mwanawe sawa kofia ambayo ilikuwa sawa tangu mwanzo. Nesi akahesabu kwa sauti ya chini: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, leo. Akaikata ile 2 kwa mstari mmoja, akaandika 5 pembeni yake. Ndipo akaniangalia.

"Mama, ungeniacha na mbili ningejua kidonda hiki kimekimbia sana. Ningewaza makubwa kuliko haya."

Basi. Hakupandisha sauti, hakusema mengine, akaendelea na kazi. Afadhali angenigombeza, ningepata pa kukasirikia.

Sikuwa nimepanga kusema mbili. Lilitoka lenyewe, kama mkono unavyopaa kukinga uso. Lakini nimelirudia mara nyingi mno kujidanganya kwamba ni ulimi ulioteleza. Niliogopa kuonekana mama wa aina ile. Nanyi mnajua ni aina ipi, maana niliiandika mwenyewe hapa mwaka jana, sikio la mtoto wa jirani yangu Mama Zai lilipotoa usaha wiki nzima. Nimeyasoma tena maneno yale juzi. Nilisema mtoto hawezi kuugua mbele ya macho ya mama yake asione. Wallahi nilisema hivyo. Nimemfuata Mama Zai jana jioni nikamwomba radhi, naye hata hakuwa amesoma, akaniuliza tu kama mtoto ameoga.

Sasa niwaambie zile siku tano, zote, bila kupunguza.

Jumapili alivaa viatu vipya vya shule kwenda kwa Bibi, ili vilainike. Ngozi ngumu kama ubao. Tulipofika alikuwa na lengelenge nyuma ya kisigino, dogo kama punje ya kunde. Likapasuka, akavua viatu, akashinda pekupeku uani kwa Bibi, pale maji ya vyombo yanapomwagwa na mabata yanapozunguka. Nilimwona. Nilikuwa napakua pilau.

Jumatatu pakawa pamevimba kidogo. Nikamwosha kwa maji ya vuguvugu na chumvi, nikafungua kapsuli iliyobaki kwenye kopo la dawa tangu baba yao alipoumwa jino, nikamwaga unga wake juu ya kidonda. Hivyo ndivyo mama yangu alivyotutibu sisi sote. Pakakauka, pakafanya gaga la njano, nikaridhika.

Jumanne akaja kusimama hapa hapa nilipokaa sasa. Akasema, "Mama, mguu unadunda." Nilikuwa na sare kumi na nne za harusi, na mnajua mwezi huu wa Shaabani ulivyo hapa Tanga, kila mtu anataka aolewe kabla mfungo haujaingia. Nikamwambia, "Subiri nimalize huu mkono." Nikamaliza ule mkono. Nikaunganisha na wa pili. Nilipoinua kichwa alikuwa amelala sakafuni kwenye vipande vya kitambaa, mguu ameuegemeza kwenye mguu wa cherehani.

Jumatano akaanza kuchechemea, mtoki ukamtoka, hata kukaa anakaa upande. Usiku homa. Nilipompangusa kwa kitambaa cha maji nikatafuta kifundo cha mguu kwa kidole, sikukiona. Kile kifupa cha pembeni kilikuwa kimezama, ngozi imekaza na kung'aa kama imepakwa mafuta. Mama Zai ndiye aliyeniambia, amesimama mlangoni na kandili: "Mama Nuru, alfajiri huyu apelekwe. Hela kama huna ninayo."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa malipo ya awali ya zile sare. Amefika miaka sita, kwa hiyo hata ule msamaha wa walio chini ya miaka mitano umeshampita.

Niseme na hili, maana huenda mama mwingine litamfaa. Mimi nilikuwa nangoja nione wekundu. Nesi akaniambia kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani upesi, wakati mwingine pale panakuwa peusi zaidi au zambarau kidogo, na mama akitazama kwa macho tu atachelewa. Akauchukua mkono wangu, akaugeuza, akauweka kwenye mguu wa mtoto. Joto. Kisha akauweka kwenye mguu wa pili. Baridi. Tofauti niliisikia mpaka kwenye kiwiko. Siku tano sikuwahi kuilinganisha miguu miwili ya mwanangu.

Halafu akatoa kalamu ya bluu, akachora mstari kufuata mwisho wa uvimbe, kuzunguka mguu wote, akaandika na saa pale pale kwenye ngozi: 3:40. "Uvimbe ukivuka huu mstari, au akianza kutapika, au ukimwona amelegea, usingoje kupambazuke." Homa ilikuwa 38.7, uzito kilo 19, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Akawekewa kanula mkononi, kile kimrija cha kupitishia dawa, sindano ya mshipa mara moja kwa siku, siku tatu.

Daktari kijana alipokuja aliniuliza nimempaka nini. Hapo sikudanganya. Akanieleza kwa upole kwamba lengelenge likipasuka ni mlango, na bakteria wanaokaa juu ya ngozi siku zote bila kumdhuru mtu wakipita mlango ule wanaenea kwenye nyama laini chini. Unga wa kapsuli unaganda juu tu, chini yake mambo yanaendelea, na dawa haifiki kwa kiasi kinachotosha kuwaua. Wale wanaoionja na kupona ndio wanaoizoea. Akauliza pia chanjo za pepopunda, nikashukuru kadi ilikuwepo: wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, zote zina muhuri. Nilimwonyesha kila muhuri kwa kidole. Nilitaka aone kwamba kuna mahali nilifika kwa wakati.

Usiku wa Alhamisi sikulala. Kila saa nafunua shuka na tochi ya simu. Mguu ulikuwa juu ya mito miwili kama tulivyoagizwa. Saa tisa usiku uvimbe ulikuwa umeugusa mstari, umeugusa hasa, haujavuka, na mimi nimekaa sakafuni nimeukodolea macho kama mtu anayetazama maji ya bahari yakijaa. Ni usiku huo ndipo lile neno lilipoanza kunirudia. Siku mbili, dada. Siku mbili, dada. Kama ningekuwa peke yangu, mtoto amelala, daftari lingebaki na ile 2, na nisingemwambia mtu.

Ijumaa mchana uvimbe ukarudi nyuma upana wa kidole kimoja.

Nilimwonyesha Kitinda. Akainama, akaukagua kwa muda mrefu sana, akaweka kidole chake kati ya mstari na uvimbe. Baba yao anapeleka lori Mombasa, kwa hiyo huyu mtoto habari za mpakani anazijua kuliko za shuleni. Akasema, "Mama, wadudu wamefika Horohoro wakarudishwa. Hawana pasi."

Jamani nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipoisha, naye akanipangusa kwa ule mkono wenye kanula, taratibu, ili usigonge. Tangu hapo amekataa mstari usisuguliwe. Nikimwogesha anainua mguu nje ya beseni. Jana akaiba kalamu yangu ya kuchorea vitambaa akajichorea mwingine kwenye mguu wa kulia, ili na huo ulindwe.

Jumamosi akachomwa sindano ya mwisho, kanula ikatolewa. Sasa tuko kwenye dawa ya maji, kloksasilini, mara nne kwa siku, tumbo likiwa halina kitu. Unga wake nimeuchanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama. Inatakiwa ikae kwenye baridi, na friji ni ya Mama Zai, kwa hiyo ya saa sita usiku naichukua saa nne kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, naliweka ndani ya kikombe pembeni ya mtungi. Lipo hapo sasa hivi, nalitazama.

Leo mchana nilifungua daftari la hospitali kuangalia tarehe ya kurudi. Si kweli, nilifungua kuitazama ile 2. Nimekuwa naitazama kila siku. Imekatwa kwa mstari mwembamba, bado inasomeka vizuri. Kitinda akaja akasimama nyuma yangu. Yuko darasa la kwanza, sasa hivi anasoma namba zote anazokutana nazo, za bajaji, za milango, za mitungi ya gesi.

"Mama, hapa nesi alikosea?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, na nesi hakuwepo.

"Hapana. Mimi ndiye nilimwambia uongo."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Akafikiri. Akaweka kidole juu ya ile 5, akaifuata umbo lake, tumbo halafu kofia, kama mwalimu anavyowafundisha. Kisha akauliza kama Jumatano atakaporudi shule ataruhusiwa kuvaa kandambili, na kama mwalimu atakataa nimwandikie barua. Nimeshaiandika. Vile viatu nimevisugua mafuta kisiginoni nikavijaza magazeti, na nimemkatia kipande cha kitambaa laini cha kubandika ndani. Kidonda chenyewe kimeanza kufunga kwa pembeni, ngozi mpya ya waridi, nyembamba kama utando wa maziwa. Kifundo kimerudi. Nimekigusa leo sijui mara ngapi.

Sare nilimaliza kumi na moja. Tatu alizimalizia fundi mwenzangu wa barabara ya kumi na mbili, na bibi harusi hakulalamika, Mungu ambariki.

Wakati natafuta kile kitambaa laini kabatini ndipo nilipokutana tena na ule mzigo wa yule mama wa kitenge cha bluu. Mnamkumbuka, aliyeleta mita tano mwezi wa kumi, akalipa zote kabla, akasema ana haraka. Gauni liko tayari tangu Novemba, nimelipiga pasi mara mbili. Leo nimejaribu tena namba yake, haipatikani. Hakuniambia anakaa mtaa gani. Nilimpima mwenyewe, kiuno najua, mabega najua, urefu najua, na jina lake la pili silijui. Nimelitundika kwenye msumari karibu na mlango, ili akipita alione.

Saa sita imefika.