Kifaranga wa ngaali kwenye katoni ya sabuni

Hii kitu nimeinyamazia miaka mingi, hata watoto wangu waliisikia kwa shangazi yangu kabla sijawaambia mwenyewe, sasa wacha niiandike vile ilivyokuwa.

Ilikuwa Oktoba 2012, wiki ile Uganda inatimiza miaka 50 ya uhuru. Hapa kwetu Busia mpakani bendera zilikuwa kila mahali, kwenye boda, kwenye malori yaliyopanga foleni kuvuka, kwenye kibanda cha yule mama wa chapati, na kila bendera ina ngaali katikati, yule korongo mwenye taji, amesimama, mguu mmoja ameunyanyua. Halafu timu ya taifa ilikuwa inajiandaa kucheza na Zambia pale uwanja wa Namboole kwa hiyo vijana wote tulikuwa ndani ya jezi za Cranes, maana timu yenyewe imepewa jina la huyo ndege, mimi yangu ilikuwa ya mtumba, imetoboka kwapani, lakini picha ya ndege kifuani ilikuwa bado nzima. Nilikuwa na miaka 19. Nilimaliza S4, kidato cha nne, na masomo yakaishia hapo, ada hamna.

Nilikuwa nimekodi kipande cha kulima mpunga kwenye kinamasi. Kinamasi chetu ni Sio-Siteko, upande mmoja Uganda upande mwingine Kenya, na watu wa pande zote mbili wanakula humo humo, wengine wanakata mafunjo ya mikeka, wengine wanachimba udongo wa vyungu, wengine wanavua samaki wa kamongo, wengine kama mimi mpunga. Kodi ya kile kipande nilikuwa bado sijamaliza, nilidaiwa shilingi 40,000 na mwenyewe alishaanza kunisubiri njiani.

Na pale mwisho wa shamba langu, hatua kama ishirini kwenye mafunjo, kulikuwa na kiota cha ngaali. Siyo kiota cha juu ya mti, ni nyasi tu zimekanyagwakanyagwa na kulundikwa juu ya maji mpaka zikawa kama kitanda, na katikati mayai mawili makubwa, meupe yenye ubluu kwa mbali, yamechafuka tope. Nilikiona tangu mwanzo. Akina mama wa mafunjo nao walikiona, shangazi yangu akiwa mmoja wao, na wakafunga mafundo kwenye mashina ya mafunjo kuzunguka pale wote wajue hapa hakati mtu chochote. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa wameshazoea wale ndege wawili, wanawajua dume na jike, wanajua saa ngapi wanabadilishana kulalia, na shangazi alikuwa akisema wakipiga kelele ujue kuna mgeni kinamasini.

Sasa kuna dalali mmoja alikuwa anazungukazunguka mpakani, jina silitaji, akaniambia kuna mtu ana nyumba kubwa anataka kifaranga wa ngaali wa kufuga uwanjani, akiwa mdogo ndio anazoea watu, atatoa 80,000. Elfu themanini! Nikapiga hesabu usiku kucha, nalipa deni, inabaki arobaini. Niliwaza hivi, kinamasi ni cha Mungu, ndege ni wa Mungu, nani atanidai.

Mayai yakaanguliwa. Siku chache baadaye, alfajiri kabla akina mama hawajafika, nikaingia.

Jike aliponiona alianza kujikokota, bawa moja ameliburuta kwenye maji kama limevunjika, ananivuta nimfuate yeye. Ile mbinu tulishaijua tangu utotoni. Dume alikuwa juu ya kichuguu analia, ile sauti yao mnaijua, kama mtu anapuliza pembe mara mbili, na kile kifuko chekundu cha kooni kinatikisika. Vifaranga wawili wakalala chini kwenye nyasi, wamenyoosha shingo, wametulia tuli, mmoja alikuwa karibu kabisa na mguu wangu na alikuwa ananiangalia kwa jicho moja bila kupepesa. Hakukimbia. Aliamini hajaonekana. Nikainama nikamwokota, manyoya rangi ya mchanga, miguu mirefu kuliko mwili, na moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu haraka mpaka sikuweza kutenganisha pigo na pigo. Nikamtia kwenye jezi, nikatoka mbio.

Dalali alisema atakuja kesho yake. Nikamweka kwenye katoni ya sabuni chini ya kitanda, nikamwekea ugali, hakugusa, nikamletea panzi watatu, akala mmoja. Usiku akaanza kulia. Siyo kelele kubwa, ni mluzi mwembamba, anapiga, ananyamaza kusikiliza, anapiga tena. Kile kimya chake cha katikati ndicho kiliniumiza, manake nilijua anangoja kujibiwa.

Mimi nilikuwa nalala kwa nyanya yangu mzaa baba. Macho yake mtoto wa jicho ulishayafunika, alikuwa anaona mwanga na giza tu, lakini masikio! Asubuhi nimeamka nikamkuta amekaa mlangoni kwangu na fimbo yake.

"Umeleta mtoto wa nani humu ndani?"

Nikasema nyanya ni kuku tu. Akasema kuku namjua, mlete nimshike. Nikamletea. Akampapasa miguu, akampapasa mdomo, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono akagusa kifua changu pale penye jezi, pale picha ilipochapwa kwa plastiki ngumu unaweza kuisikia kwa vidole, akauliza, "Na huyu hapa?" Sikuwa na jibu. Akasema nenda kamwite shangazi yako.

Shangazi alikuja na nusu ya kijiji. Walishajua tayari, kwani kinamasini walimkuta jike anazunguka na kifaranga mmoja. Tukakaa chini ya mwembe wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na mimi nikawekwa katikati na katoni yangu. Niseme ukweli, haikuwa kwamba wote walikuwa upande wa ndege. Jirani mmoja alisimama akasema nyinyi mnalilia ngaali, mimi walinichimbulia mahindi niliyopanda mistari mitatu, na karanga pia, nani alinilipa? Alikuwa na haki, ngaali akijua umepanda anafukua mbegu moja baada ya nyingine kama ana jembe. Na wote tulijua kwamba msimu wa nyuma kuna mtu alitia sumu kwenye mbegu, ndege wakafa, na bata wa watu wakafa, hakuna aliyetaja jina lakini macho yaliangalia chini.

Mmoja akasema apelekwe polisi, sheria ya wanyamapori ipo. Hapo miguu yangu iliisha nguvu.

Ssalongo, mzee wetu wa kabila la Baganda aliyeoa huku, akaomba kusema. Yule mzee ni wa ukoo wa Ngaali, kwao huyo ndege ndio muziro, haliwi, haguswi. Alisema, "Mimi nimekaa na nyinyi miaka mingi, sijawahi kuwaomba kitu. Huyu aliye kwenye katoni ni ndugu yangu. Nawaomba mumrudishe kwao." Alisema kwa sauti ya chini, hata wale waliokuwa wananong'ona wakanyamaza.

Halafu Mwalimu mstaafu. Huyu mzee alikuwa na daftari lake la kuhesabu ndege tangu zamani, tulikuwa tunamwona jioni kando ya barabara na baiskeli yake tukidhani ni upweke tu. Alisema zamani ule mvule wa karibu na kisima jioni ulikuwa unajaa ngaali mpaka matawi yanainama, kwa sababu hawa na wenzao weusi wa kaskazini ndio korongo pekee duniani wanaoweza kushika tawi na kulala mtini, kidole chao cha nyuma ni kirefu. Sasa anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Akasema tunawamaliza taratibu bila kujua, kila mwaka tunakausha kipande cha kinamasi tunapanda mpunga, tunachukua watoto wao, tunatia sumu, na wao kwa msimu wanataga mayai mawili matatu basi. Mimi baadaye sana ndio nilikuja kujua kwamba mwaka huohuo wa 2012 IUCN, shirika la dunia la uhifadhi, ndio walimwingiza ngaali kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, Mwalimu alikuwa ameshaona mwenyewe kwa daftari na baiskeli.

"Mambo ya adhabu tutakuja kuongea," akasema, "ila huyu mtoto hana siku ya pili ndani ya hilo boksi."

Tukaenda watatu tu ili tusiwatishe, mimi, shangazi, na mtoto mmoja mchunga ng'ombe kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amewaona mwisho. Maji mpaka mapajani, katoni nimeibeba kichwani. Yule mtoto akatuonyesha pa kumweka, kilundo kikavu cha nyasi karibu na yale mafundo ya shangazi. Nikamtoa. Akasimama, akayumba, akakaa. Na hakulia! Usiku kucha alilia na sasa hapa kwao amenyamaza, nikamwambia shangazi amekufa moyo huyu, shangazi akanifinya mkono, nyamaza, tukarudi nyuma ya mafunjo tukachutama.

Sijui ilikuwa muda gani. Jua lilikuwa kali, ruba mbili zimenishika nyuma ya goti na sikuthubutu kuzitoa. Nilikuwa naomba Mungu, naomba kweli, mimi ambaye siku chache nyuma nilijiambia ndege ni wa Mungu kwa maana mbaya.

Kisha ule mluzi. Mara moja. Akangoja.

Na kutoka mbali upande wa Kenya sauti ikajibu.

Walikuja kwa miguu, hawakuruka, dume mbele anakanyaga chini kwa nguvu vile wanavyofanya kuamsha wadudu, jike nyuma na yule kifaranga mwingine anahangaika kwenye maji. Dume akafika akanyoosha shingo, taji lake la dhahabu limesimama wima, jua linapita katikati ya zile nyuzi, akamwangalia mtoto kwa jicho la kulia, akageuza, akamwangalia kwa la kushoto. Halafu akadonoa kitu kwenye nyasi, akakiweka mbele yake. Yule mdogo akala. Shangazi alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia, na yule mtoto mchungaji anatushangaa.

Adhabu nilipewa, kulinda ile sehemu mpaka vifaranga waruke, kila asubuhi kabla ya kwenda shambani kwangu. Lakini kuna jambo lingine waliniuliza pale mwembeni tuliporudi, na ndilo lililonibadilisha. Waliniuliza kwa nini. Nikasema deni. Akina mama wa mafunjo walikuwa na sanduku lao la kuweka na kukopa, wakahesabu pale pale mbele ya wote, wakanikopesha 40,000, nikalipa baada ya kuvuna. Dalali alipokuja jioni alikuta vijana wa boda wamekaa stendi wanamngoja, hawakumpiga, walimwambia tu asionekane tena huko kwetu, na hakuonekana.

Yule jirani wa mahindi naye hakuachwa hivi hivi. Ilikubaliwa zile wiki mbili za kupanda mpaka mahindi yamesimama, watoto wanapeana zamu kupiga madebe shambani kwake na kwa wengine, na sumu ikakatazwa. Wengine walikataa kuacha kulima mpunga, mimi mwenyewe sikuacha, ningekula nini, ila tulikubaliana penye kiota tunabakisha mafunjo hatua thelathini kila upande, na shangazi akavuka kwenda kuongea na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Sio kwa sababu ndege wakishaamka huku wanashinda kule. Kuna msimu makubaliano yanashikwa vizuri, kuna msimu mtu anaingia na jembe usiku na tunaanza tena kugombana chini ya mwembe. Mpaka leo ni hivyo.

Wale vifaranga niliwalinda mpaka Januari. Nilikuwa nawaona wanabadilika, kwanza shingo, halafu mabawa, halafu yale manyoya ya kichwani yanaanza kuchipua mafupimafupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa. Timu ilitolewa na Zambia kwa penalti na mimi sikwenda hata kuangalia kwenye video hall, nilikuwa kinamasini.

Jioni moja nimekaa na nyanya nje tunachambua mchele, akainua kichwa kabla mimi sijasikia chochote. Akasema wanapita. Nikaangalia juu, kweli, wanatoka kinamasini wanaelekea kwenye mvule wa kisimani, mabawa meupe chini, polepole.

"Wangapi?" akauliza.

"Wanne."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena.