Nafsi ya Mgonjwa

Baada ya bibi yangu kupata kiharusi, mimi na mama tulimpeleka kliniki. Daktari, kijana mpole asiye na haraka, alituuliza mengi: Anakula vizuri? Usiku analala? Choo anapata? Mama alijibu yote. Bibi, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito lakini akili yake timamu, alikuwa ameketi katikati yetu, mkono wa kulia umelala mapajani, akimgeukia kila aliyesema. Tuliporudi nyumbani aliniambia kwa kukokota maneno, “Leo mmenizungumza kama marehemu.”

Katika sarufi tulifundishwa kwamba nafsi ni tatu: anayesema, anayesemeshwa na anayesemwa. Neno hilohilo tunalitumia kumtaja mtu alivyo ndani yake, na tangu siku ile sioni kama maana hizo mbili ziko mbalimbali. Bibi alikuwa amehamishwa kutoka nafsi ya pili hadi ya tatu, tena na watu wanaompenda.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika maandishi yake ya mwaka 1785, aliijenga heshima ya mtu juu ya uwezo wake wa kujitungia sheria ya maadili kwa akili yake mwenyewe. Mtu huyo anachagua, anatenda, anawajibika. Ni nadra kumwona akilishwa uji. Mwaka 1982 Carol Gilligan, mwanasaikolojia wa Marekani, alikirudia kisa cha kubuni alichokuwa akikitumia mwanasaikolojia mwenzake, Lawrence Kohlberg, kupima ukomavu wa maadili: mke wa mtu aitwaye Heinz anakufa kwa saratani, mwenye dawa anadai mara kumi ya gharama yake, je, mume aibe? Jake, mvulana wa miaka 11 aliyeulizwa swali hilo, alisema aibe, kwa kuwa uhai unaishinda mali. Amy, msichana wa umri huohuo, alisema asiibe, kwani akifungwa huenda mke akazidiwa bila mtu wa kumsaidia. Afadhali wakae wazungumze. Kwa kipimo cha Kohlberg Amy alionekana yuko nyuma, ilhali Gilligan alimsikia akiutazama uhusiano wa watu badala ya mizani ya haki. Nakubaliana na Gilligan, ila linalonikera mimi katika kisa chenyewe ni jingine: anayekufa ni mke, na hakuna anayemuuliza neno. Hata jina hakupewa.

Lugha yetu imelitazama jambo hili kwa jicho lake. Mtu huuguliwa na mzazi kama anavyofiwa. Katika kitenzi hicho anayeugua ndiye mtenda, nasi wenye afya ndio tunaotendewa. Kuuguza nako kumetokana na kuugua, na ukifuata mnyambuliko kwa ukali (walimu wangu wa sarufi wanisamehe), ni kama kumfanya mtu augue. Zamani niliona ni kichekesho cha lugha. Sasa najua kuna uuguzaji wa namna hiyo hasa, ambao mtu akishalishwa, akavishwa na kusemewa, ugonjwa wake unakuwa mkubwa kuliko ule aliopimwa.

Mimi mwenyewe nilimuuguza hivyo. Asubuhi moja nilimletea bibi uji, nikamlisha kwa kijiko ili niwahi kazini, naye akafumba midomo. Nikamwambia mama, “Hataki kula.” Mama alikichukua kikombe, akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa bibi, akakaa. Uji nusu ulimwagikia kanga, na kazini nilichelewa sana, lakini aliunywa. Nel Noddings, mwanafalsafa wa Marekani aliyeandika mwaka 1984, anashikilia kwamba utunzaji haujakamilika mpaka anayetunzwa aupokee na kuuitikia. Joan Tronto naye, mwanazuoni wa siasa wa Marekani, mwaka 1993 aliuhesabu upokeaji huo kuwa hatua kamili ya utunzaji. Kwa hesabu yao, ile midomo iliyofumbwa ilikuwa jibu, nami nililisoma kama ukaidi.

Pale ambapo mgonjwa haitikii tena, Noddings ananiacha njiani. Miezi ya mwisho bibi hakusema kabisa. Kila mara kabla ya kumgeuza kitandani, mama alimwinamia na kumwambia, “Mama, nakugeuza sasa, ubavu wa kushoto,” kisha akasubiri kidogo, akilitazama paji la uso wake. Likikunjamana, alimwacha kwanza.