Matokeo yametoka, dogo kajifungia chumbani

Huku Arusha matokeo ya kidato cha nne yakitoka mtaa mzima unajua, yaani mtoto hajafungua hata simu yake shangazi wa Moshono ameshapiga kuuliza divisheni ngapi. Mdogo wangu kapata foo, kajifungia, na nyumbani zikaanza zile za si tulikwambia, mbona mtoto wa mama nanihii kapata wani (mama nanihii mwenyewe hakuulizwa lakini).

Kuna dada anafanya kochingi ya vijana pale Sakina (siyo ya mpira, ya kuwasaidia kuelewa hisia zao), nikampeleka. Nilitegemea mawaidha. Wapi! Alimuuliza tu, saa hii unasikia nini mwilini? Dogo kimyaaa, halafu akasema kifua kimebana. Ni hasira au aibu? Aibu. Hapo ndo akalia.

Na siyo maneno matupu, mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani walionyesha kwamba mtu akiitaja hisia kwa jina, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, inapunguza makelele. Shuleni tunafundishwa mpaka sehemu za panzi, hili hakuna, inanikera kweli.

Sasa hivi anajiandaa kurudia mtihani, hesabu bado zinamsumbua ila anaomba msaada mwenyewe badala ya kununa.

Ila jamani, siku hizi kila mtu ni kocha, muulize kwanza kasomea wapi, na mtoto akimaliza wiki mbili halali vizuri, chakula hagusi, hataki watu, huyo mpelekeni hospitali aonane na daktari wa afya ya akili.