Prosesa inachemsha? Tazama kwanza inapanda kwa kasi gani

Kompyuta ya kujiungia mwenyewe ikianza kuchemsha, mkono wa kwanza huenda kwenye pesti, ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipoza (chuma chenye feni kinachoipoza). Inafunguliwa, inapakwa upya, inafungwa, na nyuzi zinabaki palepale. Pesti ni mtuhumiwa mmoja tu kati ya kadhaa. Kabla hujashika bisibisi, prosesa yenyewe itakuonyesha pa kuanzia: angalia joto lake linavyopanda.

Pakua HWiNFO64, programu ya kusoma joto. Kwenye Linux, amri ya sensors inatosha. Kwa AMD soma mstari wa CPU (Tctl/Tdie), kwa Intel soma CPU Package. Iache mashine itulie dakika kumi, kisha washa Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, kwa jaribio lake la dakika kumi, macho yakiwa kwenye namba na siyo kwenye picha inayochorwa.

Sekunde ya kwanza joto kuruka nyuzi 15 au 20 ni kawaida. Lakini likitoka 45 likafika 95 ndani ya sekunde mbili tatu, na ukisimamisha kazi likaporomoka vilevile, basi joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza. Gusa mapezi ya kipoza, vile vibati vyembamba: yatakuwa vuguvugu tu huku programu inasema 95. Kosa liko pale vyuma viwili vinapokutana. Likipanda polepole, 65, 72, 80, na dakika ya saba ndiyo linagonga 95, kipoza kinapokea joto vizuri ila hakina pa kulitupa. Hapo mapezi yatakuwa ya moto na kupaka pesti upya ni kupoteza muda.

Tuanze na lile la haraka, maana ndilo linaloziandama mashine mpya. Nailoni ya kinga chini ya kipoza husahaulika mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Ikiwa haipo, tazama ufungaji. Vipoza vya Intel vinavyokuja ndani ya boksi hufungwa kwa pini nne za plastiki, na hizo pini ni balaa. Mshale uliochongwa juu yake unaonyesha upande wa kufungulia, kwa hiyo kabla ya kufunga zizungushe kinyume cha mshale hadi zigote. Bonyeza mbili zinazotazamana kwa pembe hadi zilie "ta!", kisha mbili zilizobaki. Halafu geuza mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) uangalie nyuma: kila tundu liwe na vijiguu vyeupe vilivyotanuka na pini nyeusi imepita katikati. Ukiona vijiguu vyeupe bila nyeusi, pini hiyo haijashika, na kona moja ikiachia kipoza kizima kinainama.

Mtego mwingine ni kipoza cha zamani kuhamishiwa kwenye soketi mpya, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi. Matundu ya soketi za Intel za LGA1200 na ndugu zake wa 115x yako milimita 75 kutoka moja hadi jingine, ya LGA1700 ni milimita 78. Kuna mazabodi za LGA1700 zilizotobolewa matundu ya aina zote mbili, kwa hiyo kipoza cha zamani kinaingia bila shida. Ila prosesa za LGA1700 ni fupi kidogo kwa kimo, na kipoza hicho kinaweza kukaa juu yake bila kuikandamiza sawasawa. Tafuta vyuma vya kufungia vya LGA1700. Watengenezaji wengi wa vipoza huviuza peke yake.

Kwa prosesa za AMD za soketi ya AM4 hatari iko kwenye kufungua. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka inashika kama gundi. Ukivuta kipoza moja kwa moja juu, prosesa inaweza kung'oka nacho huku soketi imefungwa, na pini zikapinda. Washa mashine ifanye kazi dakika chache ipate moto, izime, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, halafu zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi kimeachia. Hapo ndipo unainua.

Kipoza kikitoka, usifute kwanza. Isome pesti ilivyojichora. Ikiwa nyembamba katikati, karibu uone chuma, na imejikusanya kingoni, mgandamizo ulikuwa mzuri. Ikiwa nene upande mmoja na mwingine umebaki mtupu, kipoza kilikaa upande, na hata pesti ya bei mbaya isingesaidia. Ikiwa imepasukapasuka na inadondoka kama chokaa ya ukuta wa zamani, hapo kweli imekwisha.

Kusafisha kunataka isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi. Spiriti ya duka la dawa isomwe lebo kwanza, kwani nyingine huchanganywa na mafuta ya nyonyo, na mafuta ndiyo usiyoyataka pale. Pesti mpya, kwa prosesa ya AM4 yenye milimita 40 kwa 40, ni tone la ukubwa wa njegere katikati. Kwa LGA1700, ambayo ni ndefu upande mmoja, piga mstari mwembamba kufuata urefu. Ikizidi kidogo itatoka pembeni na haidhuru, ikipungua ndiyo shida. Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zinatosha mtu yeyote. Ile nyeupe isiyo na jina iachie redio. Skrubu zikazwe kwa zamu, mizunguko miwili miwili, ukiruka kona kwa kona.

Sasa lile la polepole. Fungua mfuniko wa ubavuni, rudia jaribio lilelile. Joto likishuka nyuzi kumi au zaidi, kipoza hakina kosa: kasha ndilo linalokosa pumzi. Makasha yenye kioo kizima mbele yanapendeza dukani na yanakaba hewa nyumbani. Feni mbili mbele zikiingiza na moja nyuma ikitoa zinatosha mashine nyingi, mradi hazipigani. Hewa hutoka kwa upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota, na kipande cha tishu kitakuthibitishia. Feni ya nyuma iliyogeuzwa ikaingiza hewa huonekana mara nyingi, na inapigana uso kwa uso na ya kipoza.

Mfuniko ukiondolewa na joto lisishuke, tazama kati ya feni na mapezi. Vumbi hujishona pale kama blanketi, na kwa juu huoni kitu mpaka uitoe feni. Ukipuliza kwa blowa, zuia panga kwa kidole zisizunguke ovyo. Angalia pia waya wa feni umechomekwa wapi. Mahali pake ni tundu la mazabodi lililoandikwa CPU_FAN. Ukiwa kwenye SYS_FAN au CHA_FAN, matundu ya feni za kasha, huenda feni inafuata joto la mazabodi, na prosesa inaungua huku feni inapepea kivivu.

Mwenye kipoza cha maji ashike mipira yake miwili inayopitisha maji. Mmoja wa moto, wa pili baridi na rejeta (yale mapezi ya kupozea maji) nayo baridi, ujue pampu imekufa au maji hayazunguki, na hapo joto litaruka hata kwenye kazi ndogo. Ukisikia maji yanagugumia, hewa imekusanyika kwenye pampu. Kwenye kasha, weka rejeta ili ncha yake ya juu ipite pampu, hewa ikakae huko.

Kuna mashine ambazo haziumwi kabisa. Prosesa za AMD Ryzen 7000 za aina ya X, kama 7700X, zimeundwa zifanye kazi nzito zikiwa nyuzi 95, na kipoza kikubwa zaidi kitaziongezea kasi zaidi ya kuzipoza. Kama hupendi, Eco Mode (hali ya kubana umeme) ya wati 65 kwenye BIOS, mipangilio ya mazabodi, inaituliza 7700X kwa kupoteza kasi kidogo tu. Core i5-12400 ya Intel imeandikwa wati 65, lakini inaruhusiwa kufika 117, na mazabodi nyingi zinaiacha hapo bila kikomo cha muda. Kipoza kidogo cha boksini kinaelemewa. Ingia BIOS, weka PL1 (kikomo cha wati cha muda mrefu) iwe 65 na PL2 (cha muda mfupi) isizidi 90, urudie jaribio.

Na ukilinganisha namba zako na za mtu wa Ulaya, ongeza tofauti ya chumba. Aliyepima kwenye nyuzi 22 akapata 78, mashine ileile Dar mwezi Februari, chumba kikiwa 32 bila kiyoyozi, itasoma karibu 88.